“Clove”: karafuu au punje ya thomu?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, sasa nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya kaskazini Unguja. Wiki iliyopita shefu wetu, ambaye ni mgeni, aliniachia karatasi ya mapishi ya supu ya dengu. Iliandikwa kwa Kiingereza: vitunguu maji viwili, kisha ‘six cloves, crushed’, tangawizi, bizari ya pilau. Mimi nimekulia chini ya mikarafuu. Nikachukua karafuu sita, nikazitwanga, nikatia. Supu ikawa chungu haiingii mdomoni, ikamwagwa, na mimi nikasemwa mbele ya wenzangu. Kumbe alitaka kitunguu thomu. Mwenzangu mmoja ananiambia Waingereza waliichukua ‘clove’ hapa kwetu wakati wa ukoloni, kisha wakaipa thomu jina hilo kwa sababu punje zake zinafanana na karafuu. Nahodha wa boti ya watalii naye anasema ‘clove’ ni fundo la kamba. Nimefungua kamusi nikakuta ni kitenzi, kupasua. Neno moja linabebaje maana zote hizo? Na nitajuaje lipi ni lipi nisirudie kosa? Naanza kuona Kiingereza sitakiweza.”

Marahaba mwanangu, na pole kwa kusemwa mbele za watu. Nimesomesha Kiingereza na kufasiri nikiwa Chake Chake kwa miaka mingi, na swali lako nimelisoma mara tatu kwa sababu limekutanisha vitu viwili ninavyovipenda, maneno na karafuu. Unataka kujua maana hizi zimetoka wapi na utazitambuaje, na chini yake kuna wasiwasi kwamba wewe ni mzito wa lugha. Huo wasiwasi nauondoa kwanza. Karatasi uliyopewa ilikuwa na upungufu. Aliyeiandika alipaswa kutanguliza neno “garlic”, yaani kitunguu thomu, mbele ya “cloves”. Hakulitia kwa sababu kichwani mwake lilikuwemo tayari. Kijana wa London ambaye hajawahi kushika mwiko angeweza kutwanga karafuu zile zile ulizotwanga wewe.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Unasema ni neno moja lenye maana nyingi, na hapo ndipo fundo lilipo. Hebu turudi nyumbani kidogo. Sisi tuna mbuzi wa zizini na tuna mbuzi ya kukunia nazi. Hilo ni neno moja lililonyooshwa: watu walikiona kibao kile chenye miguu na kichwa cha chuma kilichojitokeza mbele, unakikalia ukakipanda, wakakipa jina la mnyama. Lakini chukua “kaa”. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani, na kuna kaa kitako. Hakuna aliyemtazama kaa akitembea upande upande kwenye mchanga akaona anafanana na mkaa. Hayo ni maneno matatu, kila moja na ukoo wake, yaliyokutana kwenye sauti moja. Walimu wa lugha huita hali ya kwanza polisemia na ya pili homonimia. Majina hayo usijisumbue nayo. Shika jambo moja tu: “kaa” tatu hizi hatuzichanganyi, kwa sababu maneno yanayoandamana nazo yanazitenga. Tunasema kaa la moto, kaa wa pwani, na mtu akikwambia “kaa hapa” hutafuti jiko.

“Clove” ni “kaa” ya Waingereza. Ndani yake mmejificha koo mbili zisizohusiana, moja ya msumari na moja ya kupasua. Kila maana uliyoikuta inarudi kwenye mojawapo ya hizo.

Karafuu ni ya ukoo wa msumari. Chukua karafuu kavu moja uiweke kiganjani, lakini itazame kama hujawahi kuiona, jambo gumu kwa mtoto wa Wete. Ina shina jembamba, na juu ina kichwa chenye meno manne yaliyokishika kitumba kidogo cha mviringo. Hicho ni kitumba cha ua, kilichochumwa kabla hakijachanua. Umbo lote ni la msumari mfupi wa zamani, ule uliofuliwa kwa nyundo. Kilatini kiliuita msumari “clavus”, Kifaransa kikaufanya “clou”, na Wafaransa wa kale waliita kiungo hiki “clou de girofle”, msumari wa girofle. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya mezani na ya jikoni yaliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na hili likiwa mojawapo.

Wala si Wafaransa peke yao walioona msumari. Wahispania huita karafuu “clavo”, neno lile lile la msumari. Waholanzi, ambao kwa muda mrefu waliihodhi biashara ya karafuu huko Maluku, visiwa vya Indonesia ya leo, husema “kruidnagel”, msumari wa kiungo. Jina la Kijerumani, “Nelke”, limetokana na neno la msumari mdogo, na “mikhak” ya Waajemi maana yake ni hiyo hiyo. Hata Wachina, katika “dingxiang” yao, wametia msumari pamoja na harufu nzuri. Sisi tuliokaa na mti wenyewe hatukutia msumari hata kidogo. Hilo hunifurahisha kila nikilifikiria, na linanileta kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii.

Tazama tena lile jina refu, “clou de girofle”. “Clou” ni msumari tu, msumari wowote. Jina khasa la kiungo lilikuwa “girofle”, lililoshuka kutoka Kilatini “caryophyllum” na Kigiriki “karyophyllon”. Waarabu nao husema “qaranful”. Wanazuoni wanaendelea kubishana kuhusu njia jina hili lilizopita kati ya India, Waarabu na Wagiriki, lakini undugu wa majina hayo unasikika hata kwa sikio. Sasa tamka “qaranful” polepole, kisha utamke neno letu. Karafuu! Waingereza walipolichoka lile jina refu walibaki na msumari wakaiacha girofle. Sisi tulipokea kwa Waarabu ile sehemu waliyoitupa wao. Mtalii anayesema “clove” na bibi yako anayesema “karafuu” wameshika ncha mbili za jina moja la kale.

Ile girofle iliyoachwa nayo haikupotea Uingereza. Ilihamia kwenye maua ya bustani ambayo Waingereza leo huyaita “carnation”, ambayo harufu yake inakaribia ya karafuu, na watu wa kawaida wasioielewa wakaigeuza kuwa “gillyflower” ili imalizikie na neno la ua. Kemia inawaunga mkono, kwa sababu maua hayo yana yujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake na kuufanya ulimi uwe ganzi ukiitafuna.

Hapa ndipo ninapompinga mwenzako, kwa upole. Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika “clowe-gilofre” katika mashairi yake. Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikitokea kwenye visiwa vya Mauritius na Réunion ambako Wafaransa walikuwa wameipanda. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikisha kuitorosha miche kutoka Maluku hadi Mauritius mwaka 1770, kuvunja ule uhodhi wa Waholanzi. Uingereza ilifanya Zanzibar kuwa himaya yake mwaka 1890. Kwa hiyo Waingereza walikuwa na neno “clove” kwa zaidi ya miaka 400 kabla mkarafuu wa mwanzo haujatia mizizi kwetu. Mwenzako namwelewa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba karafuu ni Zanzibar na Zanzibar ni karafuu atadhani kila kinachohusu karafuu kimeanzia hapa. Lakini sisi ni kituo cha mwisho mwisho katika safari ndefu sana ya kiungo hiki: miche ilitufikia kutoka visiwa vya Wafaransa, jina likatufikia kutoka kwa Waarabu, na jasho la kuchuma, kuchambua makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) na kuanika ndilo likawa letu.

Tuingie ukoo wa pili. Punje ya thomu katika Kiingereza cha kale iliitwa “clufu”, kabla Wanormani hawajafika. Neno hilo ni ndugu wa kitenzi “cleave”, kupasua. Kichwa cha thomu ukikimenya ganda la juu kinajigawa chenyewe, vipande vinaachana, na kila kipande ndiyo “clufu”, kilichopasuka kutoka kwa mwenziwe. Hakuna msumari hapo, hakuna karafuu, na hakuna aliyefananisha punje na karafuu. Ni Kiingereza asilia, hali karafuu yao imetoka ugenini. Yalikuwa maneno mawili, “clufu” na “clowe”, na miaka ilivyopita ndimi ziliyasogeza hadi yakaandikwa sawa.

Na ukoo huu umeuzunguka humo humo jikoni mwako. Lile panga pana la kukatia mifupa ya ng’ombe, ambalo shefu wako bila shaka analiita “cleaver”, maana yake ni kipasuzi. Kwato za mbuzi na za ng’ombe, zilizogawanyika mara mbili, huitwa “cloven”. Hata “garlic” yenyewe ni maneno mawili ya kale yaliyounganishwa, mkuki na jamii ya kitunguu: kitunguu chenye mikuki, pengine kwa umbo la punje zake. Ukiikumbuka “cleaver” iliyotundikwa ukutani utakumbuka kwamba “clove” ya thomu ni kipande kilichopasuka.

Nahodha wako amesema kweli. “Clove hitch” ni fundo la kufungia kamba kwenye nguzo au boriti, kamba inapita mara mbili na kujikata, na ukilitazama kwa nyuma unaona mistari miwili iliyolala sambamba kama kamba moja iliyopasuliwa. Ni ukoo wa kupasua tena.

Na kamusi imesema kweli, “clove” ni wakati uliopita wa “cleave”, ingawa leo watu hawaitumii sana kwenye mazungumzo. Hapo pana mtego wa kuuangalia. Kiingereza kina “cleave” mbili, moja ya kupasua na nyingine ya kushikamana, maana zinazopingana kabisa, na hizo pia zilikuwa vitenzi viwili tofauti hapo kale. Katika tafsiri ya zamani ya Biblia ya Kiingereza, kwenye kitabu cha Mwanzo, mwanamume anaacha baba na mama yake na “cleave” na mkewe. Asiyejua atadhani ameamrishwa kumpasua. Maana yake ni kuambatana naye.

Kuna na “clove” nyingine ambayo hukuitaja, na huenda usikutane nayo ila kwenye maandishi ya kale: kipimo cha uzito cha ratili 7 au 8, kilichotumika Uingereza kupimia sufu na jibini. Hiyo ni ya ukoo wa msumari, ya “clavus”. Naitaja kwa sababu inanikumbusha marehemu bibi yangu, ambaye hadi kufa kwake alihesabu karafuu mbichi kwa pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kilo hakutaka kuzisikia. Ukisoma hesabu za kale ukakuta “clove” za jibini, ujue ni uzito.

Usije ukafikiri vurugu hizi ni za Kiingereza tu. Sisi Wazanzibari tunasema kitunguu thomu au thaumu, na neno hilo limetoka kwa Waarabu, “thum”. Bara wengi husema kitunguu saumu. Na saumu, kama unavyojua, ni funga ya Ramadhani, kutoka neno jingine kabisa la Kiarabu, “sawm”. Herufi mbili ambazo Mwarabu anazitenganisha vyema zimekutana kwenye ulimi wa Kiswahili zikawa moja. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kama kitunguu hicho kimeitwa saumu kwa sababu mtu anayefunga hakili kwa ajili ya harufu yake. Alikuwa na akili nzuri, alitafuta sababu pale ambapo kulikuwa na mgongano wa sauti tu. Mwenzako wa jikoni amefanya hivyo hivyo kwa punje na karafuu. Binadamu akikuta maneno mawili yanafanana hutunga hadithi ya kuyaunganisha.

Sasa tuzungumze kazi. Utajuaje? Fanya kama unavyofanya na “kaa”: tazama linaandamana na nani. Jambo la kwanza ni tendo. “Crushed”, “minced”, “peeled”, “chopped” na “sliced”, yaani kusetwa, kukatwa katwa, kumenywa, ni matendo ya thomu. Karafuu haimenywi, na hakuna anayeikata vipande kwa kisu. Karafuu huandamana na “whole”, nzima, au “ground”, iliyosagwa. Ukiona “studded”, yaani kuchomekewa kwenye kitunguu au chungwa, hiyo ni karafuu bila shaka, kwa sababu unaigongomea kama msumari na neno linarudi kwao. Kwenye karatasi yako “crushed” ndiyo iliyokuwa ishara, na hukuwa na njia ya kuijua kwa sababu hakuna aliyekuonyesha.

Jambo la pili ni majirani kwenye orodha. Ikiwa imekaa baina ya kitunguu maji na tangawizi, elekea thomu. Ikiwa baina ya mdalasini, hiliki na pilipili manga, elekea karafuu. Ishara hii ni dhaifu kuliko ya kwanza, maana waandishi wengine hupanga vitu ovyo, na mapishi yetu wenyewe kama pilau yana vyote viwili kwenye sufuria moja. Idadi nayo isikudanganye. Punje sita za thomu kwenye supu ni jambo la kawaida, na karafuu sita nzima kwenye pilau ya watu wengi ni jambo la kawaida vile vile. Idadi inasaidia ikipanda tu: ukiona “cloves” ishirini kwa chungu kimoja, hakuna mpishi mwenye akili timamu anayetaka karafuu. Na umoja pia hauamui, kwa sababu “one clove” inaweza kuwa chochote.

Ikitokea huwezi kuamua na hakuna wa kumuuliza, una njia mbili, na hakuna iliyo salama kabisa. Unaweza kuacha vyote viwili, chakula kikapungua ladha lakini kikalika. Au unaweza kutia karafuu mbili tu, nzima, zilizofungwa kwenye kitambaa safi, uonje, uzitoe. Thomu iliyokwisha kusetwa haitoki tena chunguni, na karafuu iliyotwangwa ndiyo mbaya kuliko zote kama ulivyoona mwenyewe. Mimi ningechagua kuacha.

Lakini kuna nyakati kubahatisha hakufai hata kidogo, na hapo uende kwa mtu ana kwa ana. Wageni wengine hawali thomu. Wapo ambao thomu inawadhuru, na wapo wanaoiacha kwa dini, kama Wajaini na Wahindu wengi wa madhehebu ya Vaishnava. Kama kuna ombi la namna hiyo kwenye oda, nenda kwa shefu na karatasi mkononi, hata kama ana haraka, hata kama alishakusema jana. Neno la kumwambia ni fupi: “Garlic or spice?” Hakuna mpishi atakayeona ni swali la kijinga, na mara mbili tatu ukimuuliza ataanza kuandika kwa ukamilifu.

Wakati mwingine ni dawa. Watu wakijua unasoma Kiingereza watakuletea chupa uwasomee. “Clove oil” ni mafuta ya karafuu, kama yale yanayokamuliwa kwenye makonyo kule kiwandani Wawi, na “garlic oil” ni ya thomu. Wafasirie jina, lakini kiasi cha kutumia usiwaambie wewe. Mafuta ya karafuu yana yujenoli nyingi mno kuliko karafuu moja ya kutafuna, na mtoto akiyameza yanaweza kumdhuru vibaya. Mwenye chupa apelekwe kwa mfamasia au kituo cha afya, na mwenye jino linalouma kila wiki aende kwa daktari wa meno.

Kuhusu Kiingereza chako, ukipata siku ya mapumziko na ukija Pemba msimu wa karafuu, pita Chake tukae na hizo karatasi za mapishi. Njoo na zote, hasa zile zilizokushinda. Na ukiwa Wete umwombe bibi yako akutamkie “karafuu” mara moja, kisha wewe umtamkie “girofle”.